Kiasi cha Mwili

Mchungaji wa Kimasai achokapo kusimama katika mbuga za Kakesio, upande wa kusini-magharibi wa Ngorongoro, huinua mguu mmoja, wayo akauegemeza kwenye goti la mguu wa pili, na uzito wa kiwiliwili akaukabidhi fimbo. Hukaa hivyo kitambo kirefu, macho yake kwa ng'ombe. Hapana apitaye akasema kuwa mchungaji yule ni mvivu kwa sababu ameegemea, wala kuwa kusimama kwake si kusimama. Fimbo ni sehemu ya mkao wake.

Mkao huu una ndugu yake Bara Hindi. Wafanyao yoga huuita mkao wa mti: mguu mmoja ardhini, wayo wa pili umebandikwa kwenye mguu usimamao. Lakini mwanafunzi wa yoga ashikapo ukuta au kiti ili asianguke, aghalabu hutazamwa kwa jicho la huruma, kama mtu aliyeshindwa. Huruma hiyo ni dhuluma, na yafaa ipingwe.

Yoga si ngeni tena katika Afrika ya Mashariki. Mnamo Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake duniani, 21 Juni, na mjini Nairobi vijana wengi wameifanya kazi ya ualimu. Jambo hili ni jema. Lakini pamoja na wema huo imekuja imani mbaya: kwamba kila mkao una sura moja, nayo ni sura ya picha, na kwamba mwili usiofika hapo umepungukiwa na bidii. Wenye imani hii husema kuwa maumivu ndiyo mlango wa faida. Wahenga walikwisha kumwonya amwigaye tembo kuwa atapasuka msamba. Onyo lao lilikuwa la mfano. Katika yoga limekuwa la kweli, maana kano za nyuma ya paja huchanika pale pale zishikapo mfupa wa kukalia.

Kosa la kwanza la imani hii ni kuukana mfupa. Kichwa cha mfupa wa paja huingia katika tundu la nyonga, na kichwa hicho na tundu hilo havikuumbwa sawasawa kwa watu wote. Yuko aketiye mkao wa yungiyungi bila ya taabu, na yuko ambaye hataketi hivyo hata akijizoeza miaka ishirini, kwa kuwa mfupa umekutana na mfupa. Huyu wa pili alazimishwapo, nyonga hukataa, na deni hulipwa na goti. Goti ni bawaba. Kazi yake ni kukunja na kukunjua, si kusokotwa. Bawaba isokotwayo huvunjika, na gegedu lililochanika halirudi kwa kuombwa radhi.

Kosa la pili ni kusimamia kichwa kabla ya wakati. Hapa watetezi wa imani hii huja na hoja nzuri: mbona mwanamke hubeba kichwani ndoo ya lita ishirini, na shingo yake ni salama? Hoja ni nzuri, lakini huwahukumu wenyewe. Mwanamke yule alianza utotoni kwa kikopo, akaenda kwenye kibuyu, ndipo akafika kwenye ndoo; na ndoo ile ni kilo ishirini tu. Mtu mzima ajipinduaye huweza kukiwekea kichwa chake karibu nusu ya uzito wake wote, na mikono isipochukua sehemu yake, shingo hubeba zaidi. Kadhalika presha ya ndani ya macho hupanda hata mara mbili. Kwa mwenye ugonjwa wa presha ya macho, dakika chache za sifa zaweza kununuliwa kwa nuru ya maisha.

Kosa la tatu ni kutojua asili. Mafunzo ya kale ya Patanjali yanautaka mkao uwe na mambo mawili: uthabiti na raha. Hayakutaja picha. Na B. K. S. Iyengar, aliyezaliwa 1918 na kufa 2014, mwalimu mashuhuri kuliko wengi wa zama zake, alikuwa mtoto mgonjwa na dhaifu. Ndiye aliyeeneza matumizi ya kiti, kamba, mkanda na gogo ili mzee na mgonjwa nao wapate sehemu yao. Basi anayekidharau kiti huidharau yoga yenyewe.

Itasemwa kuwa kila mtu akijipimia, uvivu utapewa jina la hekima. La hasha. Mvivu hukimbia uchovu; mwenye busara hukimbia jeraha. Msuli ufanyao kazi huwaka na kuchoka, kisha hupoa. Kiungo kionywacho huchoma kama sindano, au hufa ganzi. Na pumzi ni shahidi asiyehongwa: ikikatika, mpaka umevukwa. Kutambua tofauti hiyo kila siku ni kazi ngumu kuliko kuiga picha.

Kakesio yalijua haya. Morani huruka juu katika ngoma, na mzee husimama kando na fimbo yake. Hapana amwambiaye mzee aruke ili athibitishe kuwa yu Mmasai. Kila rika lina heshima yake, na heshima ya rika moja si masalio ya heshima ya rika jingine.

Na jirani na hapo pana Laetoli, ambapo mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo hizo si za kipimo kimoja. Ziko ndogo na ziko kubwa, na nyingine zilizotangazwa mwaka 2016 ni za mwenye mwili mkubwa zaidi na hatua ndefu. Majivu ya volkano yalizipokea zote. Hayakumkataa mwenye hatua fupi. Mwalimu asiwe mgumu kuliko majivu. Amwachaye mwanafunzi na fimbo yake amemfundisha kusimama. Amnyang'anyaye amemfundisha kuanguka.