TAHARIRI: WINGI WA KURA SI MIZANI YA HAKI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vyote vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililorudi tena katika vibaraza vya misikiti yetu kila baada ya Swala ya Ijumaa. Jambo hilo ni Katiba Mpya, na hasa swali moja ndani yake: Je, ni haki jamii ndogo ya watu, kama Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, iwekewe utaratibu wake wa kushiriki katika uongozi wa nchi? Au huo ni upendeleo na mbegu ya ukabila?

Wanaopinga wana hoja, na si uungwana kuipuuza. Wanasema Watanzania wote ni wenyeji, wala hakuna mwenyeji zaidi ya mwenzake. Wanasema taifa letu lilijengwa kwa kuwavua watu makabila, wala si kwa kuwavisha. Wanaongeza kuwa aliye mchache na agombee kama wengine, kura ziamue.

Kabla ya kujibu, na tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 2 Oktoba 2014 Bunge Maalum la Katiba, lililokutana Dodoma chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta, lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Wananchi walitakiwa kuipigia kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, lakini wiki chache kabla ya tarehe hiyo Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuiahirisha, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Mwaka 2022 kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mchakato huo ufufuliwe. Hadi leo kura hiyo haijapigwa.

Katika miezi ile ya mwanzo wa 2015 mjadala ulikuwa mkali, nasi tulikuwamo. Maaskofu waliwataka waumini wao wapige kura ya hapana, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa ni suala la Mahakama ya Kadhi. Baadhi ya masheikh na taasisi za Kiislamu nazo zilitangaza kuwa bila Mahakama ya Kadhi kura yao itakuwa ni hapana vilevile. Tunakiri, ndugu zetu, kwamba tuliifungua Katiba ile tukitafuta neno moja tu, na tulipolikosa tukaifunga. Hatukusoma kwamba mlikuwamo masharti ya kuyawezesha makundi madogo kushiriki katika uongozi, kupata elimu na ajira, na kutengewa ardhi ambayo kwa desturi yao wanaishi na kupata riziki humo. Hatukusoma hata masharti yaliyowataja wakulima, wafugaji na wavuvi, ilhali wavuvi ndio wanaojaza safu katika misikiti yetu ya ziwani.

Sasa tuijibu hoja. Ni kweli kwamba sote ni wenyeji, na mkoa wetu wa Ruvuma ni ushahidi. Wangoni waliingia Songea katikati ya karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika. Wamatengo walikwisha kuwa milimani wakichimba ngoro zao, na mwambaoni walikuwako wavuvi wa jamii mbalimbali. Tukianza kuulizana nani alitangulia, hatutafika mwisho, wala hakuna heri katika safari hiyo. Lakini wanaotaka jamii ndogo zisikike hawaulizi nani alifika kwanza. Wanauliza nani hasikiki leo. Wahadzabe wanahesabiwa kwa maelfu machache tu, na jimbo la kawaida la uchaguzi Tanzania Bara lina watu zaidi ya laki moja. Kumwambia mtu wa jamii hiyo agombee kama wengine ni sawa na kumpa mtumbwi usio na kasia, kisha kumlaumu kwa kutofika ng'ambo.

Wapo watakaotukumbusha kura tatu, na ukumbusho huo ni mzuri. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilitoa viti 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu katika upande usio wa serikali wa Baraza la Kutunga Sheria. Sensa ya 1957 ilionyesha kuwa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao elfu 20 tu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikakubali kuingia katika uchaguzi huo kwa uchungu, ili iushinde mfumo ule ukiwa ndani yake. Wazee wetu walikuwa na haki ya kuuchukia utaratibu ule, kwa kuwa ulimwongezea nguvu mwenye nguvu. Lakini nafasi inayotengwa ili mwenye nguvu aendelee kutawala haifanani na nafasi inayotengwa ili mnyonge asikike, hata kama zote mbili zitaitwa maalum. Mwenye kuzichanganya amepotea njia.

Hata sheria yetu wenyewe inalijua hilo. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilitaka kura ya maoni ipate zaidi ya nusu Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 43 Bara, na Zanzibar milioni moja na laki tatu. Kama wingi wa vichwa ungekuwa ndiyo haki yote, Mzanzibari asingekuwa na sababu ya kwenda kupiga kura. Watunga sheria waliona kwamba mdogo katika muungano lazima awe na neno ambalo mkubwa hawezi kulimeza. Iweje basi hekima hiyo iwe nzuri kwa Unguja na Pemba, na iwe ukabila ikifika kwa Wahadzabe?

Tutazame pia waliotutangulia. Kenya ilipiga kura yake tarehe 4 Agosti 2010, na takriban theluthi mbili ya wapiga kura wakasema ndiyo. Katiba hiyo moja ilihifadhi mahakama za Kadhi kwa Waislamu, na papo hapo ikaliamuru Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa jamii ndogo na zile zilizoachwa pembeni. Yaani haki yetu na haki ya mwindaji wa msituni ziliandikwa kwa wino mmoja, wala moja haikuisukuma nyingine nje ya ukurasa.

Australia ni mfano wa upande wa pili. Tarehe 14 Oktoba 2023 wananchi wa huko waliulizwa kama watu waliokuwako kabla ya Wazungu, ambao leo hawafiki 4 katika kila watu 100, wawe na chombo ndani ya katiba cha kulishauri Bunge na Serikali juu ya mambo yanayowahusu. Chombo hicho kingekuwa cha ushauri tu, bila uwezo wa kuzuia sheria. Takriban watu 60 katika kila 100 walisema hapana, na majimbo yote 6 yakakataa. Hoja kubwa iliyosikika ilikuwa hiyohiyo ya vibarazani kwetu, kwamba raia wote ni sawa, hivyo asitengwe mtu. Wachache hawakuwa na uwezo wa kujiokoa hata kama wangepiga kura wote kwa sauti moja. Walilazimika kungoja huruma ya wengi, na siku hiyo haikufika.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Ndugu zetu, katika wilaya za Mbinga na Nyasa sisi ndio wachache. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na kule Liuli Waanglikana. Tunaishi nao kwa wema, tunazikana na kuozana, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Mahakama ya Kadhi tunayoidai, ikiletwa kwenye kura, itategemea pia mikono ya wasioihitaji. Tutasimama na hoja gani mbele yao? Tukisema leo kwamba wengi wakikataa basi haki imekwisha, tumejihukumu wenyewe. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Dini yetu haikutuacha gizani. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 palifanyika mkataba uliowataja Muhajirina, Ansari na makabila ya Kiyahudi, kila kundi kwa jina lake, na dini ya kila mmoja ikaheshimiwa. Kutajwa kwa makundi hakukuuvunja umma wa Madina. Na Sura Abasa iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Umm Maktum, kipofu aliyekuja kuuliza wakati Mtume ameshughulika na wakuu wa Makureshi. Mola akamzindua Mtume wake kuhusu yule asiye na cheo. Kama hata yeye alizinduliwa, sisi ni nani tusizinduliwe?

Hata hivyo, kutengewa nafasi hakutoshi. Katika Bunge Maalum la 2014 walikuwamo wajumbe 201 waliowakilisha makundi, wakiwamo wavuvi 10 kwa nchi nzima, bahari na maziwa yote. Makundi yalipeleka majina, lakini uteuzi ulikuwa wa Rais. Mjumbe anayechaguliwa na mkono wa juu huelekeza uso juu. Basi kila tutakapoona maneno "nafasi maalum", swali la kwanza liwe: nani atamchagua, na nani ataweza kumwondoa?

Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, Katiba Inayopendekezwa isomwe katika darasa zetu, na kipengele cha makundi madogo kisomwe kabla ya mambo yetu. Pili, kura ikija, tuwatetee wasio wa kabila letu wala dini yetu kwa hoja ileile tunayojitetea nayo. Tatu, tuanze nyumbani. Vikao vya misikiti ya mwambaoni vinavyoitishwa asubuhi humkuta mvuvi wa usipa, aliyekesha ziwani na taa yake, ndiyo kwanza amelala. Wanawake nao hupewa habari baada ya uamuzi. Kabla ya kuidai nchi itusikilize, tubadilishe saa ya kikao.

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga, mtu wa ziwani alipata ofisi yake Mbamba Bay badala ya kuupanda mlima kwa kila shauri la wilaya. Mbinga haikupungukiwa kitu, na Tanzania haikuvunjika. Aliye mbali amesogezwa karibu, basi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wabillahi Tawfiq.