Kadi ya Kliniki na Kitabu cha Ndoa

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia ofisini akitaka nimfutie jina katika kitabu cha ndoa. "Bwana karani," akasema, "mke wangu ana mimba, na huko kliniki damu yake imeonekana ina kaswende. Namrudisha kwao." Kufuta siwezi, na hata ningaliweza nisingalifuta. Nikamwambia, "Kaa kwanza, ndugu yangu."

Sikilizeni basi. Kipimo cha damu kwa kawaida hakitazami vijidudu vyenyewe, bali askari ambao mwili umewatoa kupigana navyo. Cha kwanza kilitokea Ujerumani mwaka 1906, kazi ya Wassermann na wenzake. Kile kiitwacho VDRL, kilichotokea Marekani mwaka 1946, hutumia mafuta ya moyo wa ng'ombe, kwa kuwa askari hao huyashika. Lakini si kaswende peke yake iwezayo kuleta askari wa namna hiyo. Malaria yaweza, ukoma waweza, na mara chache hata mimba yenyewe. Ndiyo sababu damu hupimwa tena kwa kipimo kingine, kinachotafuta askari wa vijidudu vile hasa. Nacho kina kasoro: aliyekwisha pona zamani huonekana vile vile, mara nyingi mpaka kufa kwake, na aliyeugua buba utotoni pia.

Tena kuna upande wa pili. Aliyeambukizwa juzi huweza kuonekana safi, maana mwili bado haujatoa askari. Na askari wakizidi mno, VDRL yaweza kukosea, mpaka damu izimuliwe kwa maji ya chumvi. Nilimwuliza kijana kama yeye amepimwa. Akatazama chini.

Lakini mama asije akasema, "Labda ni malaria tu," akaikataa sindano. Kaswende isiyotibiwa huweza kumwua mtoto tumboni, au akazaliwa nayo. Na penisilini ikitolewa mapema humwokoa. Kungoja kipimo cha pili kwa mwenye mimba kuna hatari kuliko sindano. Mume naye sharti apimwe na kutibiwa, la sivyo ugonjwa utarudi nyumbani kwa mlango ule ule.

Jumatatu walikwenda wote wawili. Kadi zao sikuziona, wala si kazi yangu kuziona. Juzi kijana alipita tena ofisini, akauliza ubatizo wa watoto wachanga huwa siku gani.