Nani Kawapa Ruhusa ya Kuchezea Kitufe cha Kurudi?

Nilikuwa Bariadi kwa mama mdogo, na nimerudi Dar na hasira. Mada yenyewe mtaiona ndogo: ule mshale ulio juu kushoto kwenye programu za simu, unaokurudisha ulikotoka. Ndiyo, huo huo. Nataka kuugombania. Mwenye kucheka acheke sasa, kisha asome mpaka mwisho.

Mama mdogo ana duka karibu na soko, na ana ekari tatu za pamba upande wa Itilima. Si mshamba wa simu, kabla hamjaanza. Alikuwa na programu ya malipo kwenye simu yake kabla mimi sijaweka yangu. Januari ile palizi ilikuwa imeiva. Anayeijua Simiyu anajua: pamba unaipanda Novemba na Desemba, kisha Januari unapigana na magugu, na magugu hayachukui likizo. Kwenye simu alikuwa na shilingi 370,000. Kati ya hizo, 180,000 zilikuwa za muuza jumla wa Mwanza, deni la mafuta ya kula na sabuni. Zilizobaki zilikuwa za vibarua wa palizi.

Akafungua programu. (Sitaitaja ni ya nani. Ugomvi wangu ni mpana kuliko kampuni moja.) Akaweka namba, akaweka kiasi, akaweka namba ya siri, akabonyeza Thibitisha. Duara likaanza kuzunguka. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo duara likazunguka, likazunguka... Dukani wamesimama wateja wawili, mmoja anadai chumvi. Mama mdogo akabonyeza mshale wa juu kushoto. Ukurasa wa duara ukaondoka, ukaja ule wa kiasi, na tarakimu zile zile bado zimekaa pale: 180,000.

Nikuulize wewe msomaji, na shahada yako: hapo ungeelewa nini? Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia la mchele, na nilielewa alichoelewa yeye. Amerudi. Malipo hayakwenda. Ajaribu tena. Akajaribu tena. Baada ya dakika chache meseji mbili zikaingia kwa pamoja kama mapacha.

Nikapiga huduma kwa wateja mwenyewe. Dada mwenye sauti nzuri akaniambia, "Kaka, mteja alithibitisha mara mbili." Basi. Kwa vile ilikuwa lipa namba ya biashara, muuza jumla hakuweza kuzirudisha kwa mkono wake, ikabidi zipitie utaratibu. Zilirudi baada ya siku tisa. Katika siku hizo tisa mama mdogo alikopa kwa jirani, akapalilia nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikuwa ya majani nilipoondoka.

Jioni ile alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi si nilirudi?"

Sijawahi kusikia mtu akiieleza hitilafu ya kompyuta vizuri kuliko hivyo. Alirudi. Kitufe kilimwambia amerudi. Kumbe kilichorudi ni picha ya ukurasa tu, pesa ilikuwa imeshaondoka kituoni. Halafu lawama akabebeshwa yeye: alithibitisha mara mbili.

Nilipofika Dar nikamtafuta rafiki yangu mmoja anayeandika programu za simu, tukakaa na simu zangu mbili mezani. Alichonionyesha ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwanza, kitufe cha kurudi hakikuwa mali ya mwandishi wa programu. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa nacho kwenye mwili wake kama redio ilivyo na kitufe cha sauti. Mwaka 2011, kwa Android 4.0, vitufe vikaanza kuingia ndani ya kioo, vile vitatu tunavyovijua pale chini. Mwaka 2019 Android 10 ikaleta mtindo wa kutelezesha kidole kutoka ukingoni. Sura imebadilika mara nyingi, ila ahadi ni ile ile: ukibonyeza hapa, popote ulipo, unarudi hatua moja. iPhone haikuwahi kuwa na kitufe hicho kwenye mwili wake. Apple walikiweka kwenye upau wa juu, kikiwa na jina la ukurasa uliotoka, na tangu iOS 7 ya mwaka 2013 unaweza pia kuutelezesha ukurasa kwa kidole kutoka ukingo wa kushoto. Yote haya unayapata bure. Mwandishi wa programu asipogusa kitu, yanafanya kazi.

Lakini anagusa! Anataka mshale wa rangi ya kampuni, wenye kona za mviringo na kivuli kidogo. Kwenye iPhone, akiondoa kitufe cha Apple na kuweka chake pale kushoto, ule utelezeshaji wa kidole unakufa mpaka aufufue kwa makusudi. Wapo ambao hawaufufui, wala hawajui kwamba wameua. Kwenye Android mambo ni mabaya zaidi, maana tangu zamani mshale wa juu na kitufe cha chini ni vitu viwili: wa juu unakupandisha kwenye ukurasa mama wa programu, wa chini unakurudisha ulikokuwa dakika iliyopita. Mara nyingi vinakupeleka mahali pamoja, ndiyo maana hatuoni tofauti. Siku mwandishi akichora mshale wake mwenyewe, anaandika mwenyewe pia unakokwenda. Hapo ndipo vinapoachana. Na akitaka kukiua kabisa kile cha chini, ni kazi ya mstari mmoja. Wanaotumia Flutter walikuwa na kitu kinaitwa WillPopScope (siku hizi ni PopScope): unakiambia kikatae, na mtumiaji anabonyeza mpaka kidole kinachoka.

Usiku ule nikazijaribu programu zote za pesa nilizonazo. Kuna moja ambayo mshale wa juu unanirudisha hatua moja na kitufe cha chini kinanitupa nje kabisa, nianze na namba ya siri upya. Nyingine, kutoka ukurasa wowote, inanirudisha mwanzo, kama basi lisilo na kituo hata kimoja njiani. Na ipo ambayo menyu yake yote ni Kiswahili safi, lakini ukitaka kurudi inakuuliza kwa Kiingereza kama una hakika unataka kutoka. Sikutaka kutoka! Nilitaka kurudi.

Rafiki yangu si mtu mbaya, na alijitetea vizuri. Alisema mteja anayemlipa ndiye anayetaka mshale wa rangi yake. Sawa, paka rangi. Hakuna aliyepoteza palizi kwa sababu ya rangi. Ninachokataa ni kubadilisha maana.

Akasema Kiswahili ni kirefu. Apple walizoea kuweka jina la ukurasa uliopita kwenye kitufe, sasa ukurasa ukiitwa "Malipo ya Serikali" au "Thibitisha Muamala" maneno hayaenei kwenye upau, bora aweke mshale wake bila neno. Hapa nilicheka. Andika "Rudi". Herufi nne. Na Back ni herufi ngapi? Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na menyu zake zilikuwa nyingi kuliko za hizi programu zetu zenye kurasa kumi. Leo tunashindwa na neno moja? (Nakubali kwamba "rudi" lina vituko vyake. Mtoto mtukutu hurudiwa na wazazi, na nguo mpya ikifuliwa inarudi. Lakini sijaona mtu Bariadi aliyeona neno Rudi kwenye simu akadhani anachapwa.)

La tatu lilinifanya ninyamaze kidogo. Alisema kwenye malipo ni lazima ukichezee kitufe cha kurudi, kwa sababu ombi likishaondoka kwenye simu kwenda kwenye mtambo wa kampuni, huwezi kuliita tena. Ukimruhusu mtu arudi, unamdanganya.

Ni kweli. Na ndiyo hoja yangu mimi! Kama hairudi, sema hairudi. Ondoa mshale kwenye ukurasa ule, andika kwa Kiswahili cha watu: "Malipo yameondoka, tunasubiri jibu, usilipe tena." Au acha mshale, lakini umpeleke mtu kwenye orodha ya miamala yake, ayaone malipo yale yameandikwa "yanasubiri". Na huko kwenye mtambo, kila malipo yapewe alama yake tangu fomu inapofunguliwa, ili ombi lile lile likija mara ya pili litambulike na likataliwe. Rafiki yangu alikiri kwamba hilo la alama si geni, linafahamika kwa mafundi wa malipo dunia nzima. Basi kwa nini muda wa kuchora kivuli cha mshale ulipatikana na muda wa hili haukupatikana? Hakunijibu. Aliagiza soda nyingine.

Jibu nadhani ninalo. Programu hizi zinajaribiwa Sayansi na Kijitonyama, kwenye simu mpya, mtandao unaruka kama swala. Duara linazunguka mara moja linakwisha, hakuna anayepata nafasi ya kubonyeza mshale. Hawajawahi kukaa Somanda saa kumi jioni wakisubiri. Simiyu ilihesabiwa kuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya 2022. Huwezi kuniambia hao wote ni pembe ya nchi isiyostahili kujaribiwa programu. Mkoa huu ndio umebeba pamba ya nchi, na pesa ya pamba siku hizi inapita kwenye simu na akaunti.

Halafu mtazame hata mahali wanapouweka. Kona ya juu kushoto. Simu ya mama mdogo ina ufa pale, kama simu za watu wengi ambazo zimeshaanguka mara mbili tatu, na ufa ukipita kwenye kona kidole hakisikiki. Google wanashauri kitu cha kubonyezwa kisipungue kama milimita 9 kila upande, na Apple nao wana kipimo chao kinachokaribia hapo. Mishale mingine niliyoiona ni kama mdudu chawa. Kwa mtu anayeshika simu kwa mkono mmoja huku wa pili unapima sukari, kile kitufe cha chini ndicho kinachofikika, na ndicho hicho wanachokiua.

Watu wa mjini tunaicheka menyu ya nyota na reli kwamba ni ya kizamani. Ila ina heshima moja. Inakwambia kwa maneno: sifuri kurudi. Unaandika sifuri, unarudi. Haijifichi nyuma ya pambo.

Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Zinataka mtu aelezwe masharti kwa uwazi na malalamiko yake yasikilizwe. Mimi nasema kitufe nacho ni maelezo. Kikisema "umerudi" wakati pesa imekwenda, kampuni imetoa maelezo ya uongo kwa mteja, na haina haki ya kujificha nyuma ya sentensi ya "alithibitisha mara mbili". Ningependa kuiona kesi ya namna hiyo ikifika mezani kwa mtu mwenye mamlaka. Nina picha za kurasa zote mbili na meseji zote mbili, zenye saa na dakika.

Ninyi mnaoandika programu, na najua wengi mnapita hapa, sijasema msichore. Choreni. Kisha mchukue basi mpaka Bariadi, mwekeni bando dogo kwenye simu yenye ufa, mlipe kitu huku mnauza chumvi, duara likizunguka mbonyeze mshale wenu. Chakula nitawalipia mimi.

Mama mdogo ameshaifuta ile programu. Juzi nilimpigia kumsalimia, "Mwangaluka mayu," akacheka na Kisukuma changu cha kuokoteza. Nikamuuliza siku hizi analipaje. Akasema amerudi kwenye nyota na reli. Nikamuuliza habari za nusu ile ya shamba. Akasema, "Tuyaache hayo," akaniuliza nakuja lini tena.