Kibao Kinaposema Uongo

Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Adamu anakabidhiwa kazi ya kuwapa wanyama majina kabla hajapata hata mwenzi. Kazi hiyo haijaisha mpaka leo. Ingia katika nyumba ya vioo ya bustani yoyote kubwa ya mimea, usimame mbele ya Nepenthes, ile mimea inayokamata wadudu kwa mitungi. Ncha ya jani hurefuka ikawa kama kamba, na mwisho wa kamba huning'inia mtungi wenye mdomo unaoteleza, kifuniko, na maji ya kumeng'enya mdudu aliyetumbukia. Asili yake ni misitu ya Borneo, Sumatra na Ufilipino. Walio karibu nasi kabisa wako Madagaska na Shelisheli. Chini ya kila mmea kuna kibao chenye jina, na sisi wageni tunakiamini kwa sababu hatuna namna ya kukipima.

Tatizo ni kwamba mmea huu ni mgumu kuutambua. Shina moja huzaa mitungi ya namna mbili: ya chini minene, yenye mabawa mawili mbele, na ya juu myembamba kama faneli. Asiyejua atadhani ni mimea miwili. Dume na jike ni mimea tofauti, na aina mbalimbali huzaliana kwa urahisi, porini na kwenye vitalu. Kisha kibao hudondoka wakati wa kumwagilia, kikarudishwa kwenye chungu cha jirani. Kipandikizi kikipelekwa bustani nyingine, kosa nalo husafiri.

Si jambo dogo. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford na wa bustani ya kifalme ya Edinburgh walitoa matokeo ya kukagua sampuli 4,500 za Aframomum, mimea ya Afrika iliyo ndugu wa tangawizi na iliki. Waligundua kwamba kabla ya kundi hilo kufanyiwa uchambuzi upya mwaka 2014, asilimia 58 ya sampuli hizo zilikuwa na jina lisilo sahihi, lililopitwa na wakati au lisilokamilika. Na hizo zilikuwa zimehifadhiwa na wasomi, si na wachuuzi wa maua!

Mithali inaichukia mizani ya udanganyifu, na sioni kwa nini kibao kisihesabiwe kuwa mizani. Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu analindwa na mkataba wa kimataifa unaokataza kuuza mimea iliyong'olewa porini. Mwandike jina la ndugu yake wa kawaida, naye atapita forodhani kwa urahisi zaidi. Au tazama mmea uliooteshwa kwa mbegu zilizokusanywa Mindanao, Ufilipino, mwaka 1997. Kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa Nepenthes truncata mwenye rangi nyeusi tu. Mwaka 2011 ndipo ulipotambuliwa kuwa aina ya peke yake, ukaitwa Nepenthes robcantleyi. Miaka yote hiyo hakuna sheria ambayo ingeweza kuulinda kwa jina lake, maana hakuwa nalo.

Kusahihisha kunataka subira. Rangi usiiamini sana, hubadilika kwa mwanga. Mtaalamu hutazama jani lilivyoshika shina, vinyweleo, na tezi zilizo chini ya kifuniko. Mara nyingine husubiri miaka mmea utoe maua. Hufuata namba ya kumbukumbu hadi kwenye daftari la aliyeuchukua: mlima gani, kimo gani. Halafu hulinganisha na sampuli ile ile iliyotumiwa kutoa jina kwa mara ya kwanza. Wataalamu wa namna hii ni wachache, na bustani zinazotumia fedha kwa chemchemi na migahawa huku zikikosa mshahara wa mmoja wao zinatuuzia mapambo.

Kuna desturi moja ya maghala ya mimea iliyokaushwa inayonifurahisha. Anayegundua kosa hachani karatasi ya mwenzake. Hubandika nyingine ndogo pembeni, huandika jina analoliona kuwa sahihi, jina lake mwenyewe na tarehe. Sampuli nyingine za zamani zina karatasi nne au tano za namna hiyo, zikipingana kwa adabu.