Nyumba Yenye Magurudumu



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Vijana wetu kadhaa wanaofanya kazi Dar es Salaam wamenunua Hiace, wameng'oa viti, na mahali pake wameweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji. Wanapanga kuja nayo hadi ufukwe wa Matema, kisha wavukie Malawi. Wameniletea ratiba niitazame. Jibu langu nalitoa hadharani kwa kuwa linawahusu wengi: gari ni zuri, ratiba ni mbaya.

Sina ugomvi na gari lenyewe. Linapunguza gharama za kulala, na dereva aliyechoka ana mahali pa kujinyoosha badala ya kuendesha usiku huku akisinzia. Ninachokipinga ni fikra iliyojificha nyuma ya ratiba ile, kwamba safari bora ni ile ambayo msafiri hamhitaji mtu yeyote njiani.

Tuanze na mzigo. Wameandika maji lita 100 na mchele kilo 25, vyote kutoka Dar es Salaam. Lita 100 za maji ni kilo 100. Uzito huo utapandishwa kutoka Uyole, kisha uteremshwe kupitia Tukuyu, iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, kusikofika mita 500. Breki ndizo zitakazoulipia. Na maji hayo yanapelekwa wapi? Kyela, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka! Mchele nao, ikiwa muuzaji amesema kweli, ni mchele wa Kyela. Umesafiri hadi mjini, umepandishwa bei, na sasa unarudishwa kwao ukiwa mgeni, huku mama aliyeulima ameketi kando ya barabara ya Ipinda na debe lake, akilitazama gari likipita.

Pili, muda. Tukuyu, Kyela, Matema na Kasumulu vimepangwa katika siku moja, Jumatatu. Matema imepewa saa tatu, na mbele yake pameandikwa neno moja: "picha". Magari ya watalii wanaovuka bara hupita hapa kila mwaka. Mengi yao yakifika njia panda hunyoosha kwenda Kasumulu, yakavuka daraja la Songwe kuelekea Karonga, na waliomo wasijue kwamba wamepita Kyela. Hao naweza kuwasamehe, kwa kuwa hawana bibi Ipinda. Ninyi mnaye.

Tatu, hayo mandhari yenyewe. Pale Matema Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, na lami inaishia hapo. Mwenye kutaka kuendelea hadi Ikombe, wanakofinyanga vyungu akina mama wa Kikisi, ashuke garini aende kwa miguu au apande mtumbwi. Vyungu hivyo huletwa kwenye soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Atakayefika Jumatatu atapiga picha ya maji na mlima, na watu walioyafanya maji na mlima vikaitwa nyumbani hatawaona. Tena hata maji hayataki papara. Mvuvi ndiye ajuaye mamba wako upande gani wa mdomo wa mto. Tangi na friji havijui.

Historia nayo inatuonya. Gari la kwanza kuvuka bara letu kutoka bahari hadi bahari liliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, likiendeshwa na luteni Mjerumani, Paul Graetz. Lilifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Petroli ilikuwa imepelekwa mapema kwenye vituo njiani, na gari lilipokwama mitoni na matopeni, Waafrika ndio waliolivuta kwa kamba. Vitabu vimelihifadhi jina la dereva. Waliolivuta wengi wao hawana jina. Hakuna gari linalojitosheleza, ndugu zangu. Kuna gari lililosahau nani alilisukuma.

Najua pingamizi litakalotolewa: "Padre, kwenda kwa ndugu ni gharama na lawama. Utamlaza nani sakafuni? Utampa nani zawadi, umwache nani?" Pingamizi hili lina ukweli. Lakini gari lenu ndilo dawa yake! Mtu mwenye kitanda chake anaweza kuegesha uani kwa bibi bila kumwondoa mjukuu kitandani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmejaliwa nyumba inayotembea, ambayo ingewawezesha kuwa wageni wepesi kuliko wote waliowahi kufika, nanyi mmeifanya kuwa sababu ya kutofika kabisa.

Nanyi mlio nyumbani, msijipigie makofi. Anayemwona mtu ameshuka kwenye gari zuri akampandishia mkungu wa ndizi mara tatu, huyo naye anaufunga mlango. Msafiri aliyeibiwa kwa bei leo, kesho atakuja na ndizi zake.

Basi ratiba na iandikwe upya. Msije Aprili, wakati mito yetu hufurika. Fikeni Alhamisi, mlale siku mbili uani kwa bibi. Maji chukueni ya kunywa njiani tu, na mchele nunueni Ipinda. Jumamosi nendeni Lyulilo, kisha liacheni gari, mwende Ikombe kwa mtumbwi mkiwa na nahodha wa hapo hapo. Msimpige mtu picha kabla ya kumsalimu na kumwomba ruhusa, wala msimwage maji machafu ya gari mchangani, kwa kuwa ziwa hilo ndilo kisima cha wenzenu. Jumapili tuonane kanisani. Malawi haitahama, vukeni Jumatatu.

Na mkiondoka, mkasikia bibi anasema "ndaga fijo", mjue safari yenu imefika.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu