Uzee Usisingiziwe

Mwalimu astaafupo katika umri wa miaka 60, sisi wakazi wa Voi humwambia akapumzike. Naona twamkosea. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yachangiayo maradhi ya usahaulifu, yakiwemo upweke, uziwi na shinikizo la damu, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi hayo yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mzee wa Sagalla apandaye mlima kila siku miguu yake yafanya kazi. Kinachokosekana ni wa kuzungumza naye. Wanafunzi, mwendeeni awasimulie mapigano ya Salaita ya 1916 kama alivyohadithiwa na babu yake. Ninyi mtavuna historia, naye atainoa akili.