Ukuta wa mawe si kipimo cha utajiri

Iwapo unaishi Kayole, Dandora, Huruma au Kariobangi, hebu kitazame chumba unacholala. Ukuta ni wa mawe. Sakafu ni ya simiti. Taa ni ya stima na mfereji uko pale uani, hata kama maji huja siku mbili tu kwa juma. Labda una mtungi mdogo wa gesi. Ukipimwa kwa mambo hayo, wewe si maskini sana.

Na hivyo ndivyo tunavyopimwa tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Wewe muuza mitumba au fundi wa jua kali huulizwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, choo ni cha aina gani, unapikia nini, maji unayatoa wapi. Kisha kompyuta hukadiria mapato yako. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Chini ya NHIF, mtu wa jua kali alijua deni lake bila kupigiwa hesabu: Sh500.

Sipingi tajiri kulipa zaidi. Ninachopinga ni kumhesabia mpangaji mali ya mwenye ploti. Mzee wa mashambani aliye na nyumba ya udongo hana mtu wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi, na huenda ana kishamba cha mahindi. Mama wa Kayole analala ndani ya mawe yasiyo yake, na asipolipa kodi mlango utatiwa kufuli. Je, ni nani maskini kati ya hao wawili?

Isitoshe, asiye na mshahara hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa pamoja. Tuseme umekadiriwa Sh800 kwa mwezi. Hiyo ni Sh9,600, nawe biashara yako ni ya kuuza sukuma wiki kando ya barabara. Mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ulianzishwa kwa sababu hiyo, lakini mkopo ni deni.

Kuna jambo jingine linalowaponza wengi. Kujisajili si kulipa. Ukishajisajili, utatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, maanake gharama hiyo hutoka katika hazina ya afya ya msingi. Lakini ukilazwa katika hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki na hujalipa ada, SHA haitagharamia kitanda chako. Usingoje kujua hayo ukiwa mlangoni na mgonjwa.

Mnamo Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia ada watu milioni 2.2 wasiojiweza. Ni hatua njema. Hata hivyo, ikiwa hohe hahe watatafutwa kwa kutazama kuta na paa, wapangaji wengi wa Eastlands watarukwa. Waulize kodi ya nyumba ni kiasi gani, watu wangapi wanalala chumba hicho, na siku ngapi mwezi uliopita jiko halikuwashwa.

Nasi tuna kosa letu. Mhudumu wa afya wa mashinani akija, wapo wanaoona haya kusema wanapikia makaa, wakataja gesi iliyokwisha miezi mitatu iliyopita. (Fahari ya mjini hiyo!) Jibu swali jinsi hali ilivyo leo.

Ikiwa bado hujajisajili, chukua kitambulisho chako ubonyeze *147# kwenye simu. Tayarisha pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha uulize waziwazi ada yako ya mwaka ni pesa ngapi kabla ya mtu yeyote nyumbani kuugua.